Krismasi Niliyoangusha Paipu Kakuma

Nyinyi vijana mnaofunga pampu za sola, nawaambia jambo moja ambalo pampu ya mkono ilinifunza kwa shida: ukishakaza klampu, usiuamini mkono wako. Ipige teke. Isiposogea, ipige tena. Ndipo ufungue paipu ya juu. Nilijua hivyo zaidi ya miaka ishirini, nikawafundisha wengine hivyo, halafu siku moja sikupiga teke. Siku yenyewe ilikuwa Krismasi.

Mtanivumilia. Shule yangu iliishia darasa la saba, na nimezoea kuandika kwenye daftari langu mwenyewe, ambalo halisomwi na mtu. Haya nimeyaandika mara tatu. Mara ya kwanza nikaona ninajisifu. Mara ya pili nikajilaumu mpaka nikachoka kujisoma. Sasa ninajaribu kusema tu ilivyokuwa, na pale nisipokuwa na hakika nitasema sina hakika.

Kazi nilifundishwa na Mzee Ekal, fundi wa Lokichar, mtu mrefu asiyependa maneno. Yakiletwa malalamiko ya pampu, yeye haanzi na spana. Anaweka sikio kwenye mpini na kumwambia mtu apige polepole.

"Unasikia?" aliniuliza mara ya kwanza.

"Nasikia nini, Mzee?"

"Kama husikii, nyamaza kwanza."

Ilinichukua kama mwaka mzima kusikia. Mpira wa kuvutia maji ndani ya pampu ukiisha unalia kama mtu anayevuta chai ya moto. Paipu iliyotoboka inatoa maji, halafu ukiacha kupiga unayasikia yakirudi chini taratibu, shhh. Ukijua hizo sauti mbili umejua nusu ya kazi. Leo nyinyi mnaletewa ujumbe kwenye simu kwamba pampu ya mahali fulani imepunguza maji, na sisemi ni vibaya. Ningekuwa na simu ya hivyo ningeokoa safari nyingi. Lakini betri yake ikiisha, sikio mnalo.

Mzee Ekal alikuwa na tabia moja iliyoniudhi. Tukimaliza kazi, haondoki. Anakaa kwenye kivuli cha gari, miguu ameinyoosha, anatazama watu wakichota. Nusu saa nzima. Mimi nimeshafunga spana, nimeshawasha gari, nimeshika usukani. Niliandika kwenye daftari kwamba mzee huyu ni mvivu. Bado imeandikwa, sijaifuta, maana ndivyo nilivyofikiri. Alipostaafu, mimi nikafanya kazi kwa njia yangu: maji yakitoka tu, mgongo naugeuza. Nilijivunia hilo. Pampu mbili kwa siku, wakati mwingine tatu.

Haraka hiyo ilinifikisha Kaikor siku moja baada ya safari ya kutwa nzima, nikiwa na kila chombo isipokuwa spana ya paipu, ambayo niliiacha juu ya meza nyumbani. Mama mmoja pale kisimani alinizunguka, akanitazama mikono, akauliza, "Umekuja kutengeneza pampu ama kuisalimia?" Nikafungua paipu zote kwa cheni ya baiskeli na kipande cha nondo. Ukizungusha cheni mara mbili na kupitisha nondo, inashika vizuri sana. Jifunzeni hilo pia, lakini afadhali mbebe spana.

Sasa Krismasi. Wengine hawajui kwamba pampu hupenda kuharibika Krismasi. Si uchawi. Watu wamerudi nyumbani, nguo zinafuliwa, wageni wanaoga, kila mama anakanda unga, na pampu iliyokuwa ikipigwa asubuhi na jioni inapigwa tangu jogoo hadi giza. Mpira uliokuwa umebakiza mwezi unaisha siku mbili. Kwa hiyo kila Krismasi simu yangu ililia. Nilikula Krismasi yangu Lokichar, nikaila barabarani, mwaka mmoja niliila ndani ya gari nikingoja mto ushuke. Mke wangu Selina aliniwekea chakula chini ya sahani, na watoto walinisimulia sikukuu iliyopita nyumbani kwangu kama wanavyomsimulia mgeni.

Sikuwa hivyo nilipokuwa mdogo. Kwetu Webuye, mama alikuwa akinunua mkate mmoja wa Krismasi, na mimi nilikuwa ninalala nikiunusa kupitia karatasi. Asubuhi nikienda kanisani na shati jipya, niliamini kabisa kwamba mtoto Yesu amezaliwa usiku huo huo, mahali karibu, labda kwa jirani. Sijui imani ya namna hiyo iliniponyoka lini. Si kwamba niliacha kwenda kanisani. Nilikwenda. Lakini Krismasi ilikuwa imekuwa siku ya kazi yenye nyimbo.

Binti yetu Neema, aliyekuwa na miaka kumi na miwili, aliligundua hilo kabla yangu. Usiku wa kuamkia sikukuu hiyo ninayowasimulia aliniuliza tukiwa mezani, "Baba, wewe Krismasi unaipenda?"

"Naipenda."

"Haionekani," akasema, akaendelea kula.

Asubuhi, saa moja hivi, simu ikalia. Alikuwa Mama Nyandeng wa Kakuma. Huyu mama ni mkimbizi kutoka Sudan Kusini, mjane, na ndiye mlinzi wa pampu moja iliyo ukingoni mwa kambi, pale ambapo maji ya mfereji hayafiki vizuri. Wanachota hapo wakimbizi na wenyeji Waturkana pamoja, na kwa sababu hiyo kila kitu cha pampu ile kina macho ya pande mbili juu yake. Nyandeng alipewa ulinzi kwa kura, na wapo waliosema mgeni hafai kushika pampu. Alijua kwamba siku pampu ikifa mikononi mwake, watu hao watasema, "Tuliwaambia."

"Fundi, pampu nalia, maji hapana," alisema. "Watu iko mingi. Leo sikukuu. Kuja."

Nikachukua kofia. Selina alikuwa amesimama mlangoni, amevaa gauni lake jipya la kijani.

"Unaenda wapi?"

"Kakuma. Nitarudi saa nane."

"Mwaka jana ulisema saa nane." Akageuka kuelekea jikoni. "Neema! Yona! Leteni sufuria ya pilau na zile chapati. Pampu ikimchukua baba yenu, leo itatuchukua wote."

Nikamwambia gari la kazi haliruhusiwi kubeba familia. Ni kweli, haliruhusiwi, na sikutaka mtu aje aseme nililitumia kwa starehe. Selina akaniambia, "Basi andika kwenye kitabu cha gari kwamba umebeba mke, watoto wawili na pilau." Niliandika hivyo hivyo, na mkubwa wangu alinionya kwa barua baadaye. Alikuwa na haki.

Njia nzima nilinuna. Ninawaambia hili kwa sababu kosa halikuanzia kisimani, lilianzia kwenye usukani. Nilikuwa nimeamua nitaimaliza ile pampu kabla ibada ya Kakuma haijaanza, ili Selina aone kwamba hakukuwa na haja ya kubeba sufuria.

Tulipofika palikuwa na mitungi ya njano imepangwa foleni mpaka karibu na kanisa la mabati. Wanawake wa Sudan Kusini walikuwa wameshavaa nguo zao nyeupe zenye msalaba, ngoma ziko tayari, lakini wengi walikuwa wamesimama na mitungi. Upande wa pili alikuwa Mama Akiru, mfugaji Mturkana, na mbuzi wake.

"Ejok, fundi," alinisalimu.

"Ejok nooi, mama. Heri ya sikukuu."

"Sikukuu ni yenu. Mbuzi yangu haijui Krismasi, inajua kiu."

Nyandeng alinishika mkono, akanionyesha pampu. Nikaweka sikio. Mpira umekwisha, hakuna siri. Tukatoa kwanza rodi, vile vyuma vyembamba vinavyopita ndani ya paipu. Halafu tukaanza kutoa paipu zenyewe, moja baada ya nyingine, za chuma, kila moja mita tatu. Kwa wasiojua: paipu zote zinaning'inia pamoja ndani ya kisima. Unavuta ya juu, unashika ya chini yake kwa klampu ili isianguke, ndipo unafungua ya juu. Nyandeng alikuwa ameshika mpini wa klampu, na alikuwa ameushika vizuri. Wanaume wawili wanavuta. Tukatoa ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne. Kanisani wakaanza kupiga ngoma. Nikaona Selina akitazama jua.

Paipu ya tano, nikakaza klampu kwa haraka, sikupiga teke, nikafungua.

Sauti yake sitaisahau. Chuma kiliteleza, kikapiga kelele ndefu ukutani mwa kisima, halafu kishindo kutoka chini ambacho nilikisikia kwenye nyayo. Paipu nane na silinda iliyo mwisho wake, ile yenye mpira, vimekwenda.

Na hapa ndipo ninapoona haya. Kabla kishindo hakijaisha, mdomo wangu ulikuwa umeshasema, "Mama! Si nilikuambia ushike!"

Mbele ya watu wote. Siku ya Krismasi.

Nyandeng alibaki ameshika ule mpini wa klampu tupu. "Mimi nashika," alisema kwa sauti ndogo. "Mimi hapana achia." Nyuma yangu mtu akasema kwa Kiturkana neno ambalo sikulielewa lote, lakini nilielewa kwamba linamhusu mgeni na pampu. Mama Akiru alimtazama Nyandeng, akanitazama mimi, akaitazama klampu.

Mnafahamu maana ya jambo hilo? Paipu zisipotoka, kisima kimezibwa. Mpaka mashine ije kutoka mbali, miezi, pengine wasilete kabisa, wachimbe kingine au wasichimbe. Watu wa ukingo ule wangerudi kuchimba mchanga kwenye mto mkavu. Na jina la Nyandeng lingebaki humo shimoni pamoja na chuma.

Nikaichukua klampu mikononi mwake. Bolti mbili, moja ilikuwa haijafika hata nusu. Kuzikaza ilikuwa kazi ya mkono wangu. Nilisimama nayo. Nadhani nilisimama muda mrefu, ingawa Selina anasema ni kidogo tu. Mwishowe nikasema kwa sauti ya watu wote kusikia, "Si yeye. Ni mimi. Sikukaza." Nikaiinua ile klampu waione. Sina hakika kama nilifanya hivyo kwa haki au kwa sababu Neema alikuwa ananitazama. Labda yote mawili.

Hakuna aliyenipigia makofi, na sikustahili. Mama Akiru alisema tu, "Basi toa."

Kutoa ni lazima kwanza uone. Hili nalo lishikeni: kisima chembamba hakimulikwi kwa tochi, mwanga wake unafia njiani. Unatumia kioo. Unalikamata jua, unalirusha ndani. Nikamwomba Selina kile kioo kidogo cha mkoba wake, nikalala kifudifudi kwenye saruji, nikakizungusha mpaka jua likaingia shimoni.

Nikaiona. Paipu imesimama, imeegemea upande mmoja, mdomo wake wazi, mita kumi na sita hivi. Nikasema, "Iko! Na imesimama!" Nikaanza kuhesabu rodi ngapi zitafika.

"Baba, nami nione," Yona akasema. Alikuwa na miaka minane.

"Si mchezo huu."

"Mwache aone," akasema Selina. "Tayari umeiangusha, ataiharibu vipi zaidi?"

Watu wakacheka, kicheko cha kwanza tangu kishindo. Nikamshika Yona kiuno, Neema akashika kioo. Yona akachungulia, akapiga ukelele ndani ya shimo mpaka sauti ikarudi: "Kuna mwezi! Baba, kuna mwezi huku chini!"

Neema akalala. Akauona. Watoto wa kambi wakaja mbio, wale weusi warefu wa Sudan Kusini na wale wa Mama Akiru wenye shanga, wakajipanga foleni nyingine mbele ya ile ya mitungi. Kila aliyeinama aliinuka akiwa na uso mwingine. Halafu Selina, mama mtu mzima, akalala kifudifudi na gauni lake jipya la kijani kwenye matope ya maji yaliyomwagika kutoka kwenye paipu.

"Baba Neema," alisema bila kuinua kichwa, "hebu njoo uone."

"Nimeshaona. Mita kumi na sita."

"Umeona paipu. Njoo uone."

Nikalala kando yake. Kando ya paipu, chini zaidi, maji yalikuwa yamekaa kimya, na jua la kioo lilikuwa limeangukia ukingo wake tu. Kipande chembamba, kimejikunja, cheupe, kinatetemeka kidogo kila Neema akivuta pumzi. Mwezi mchanga kabisa, ndani ya ardhi ya Turkana, saa tano mchana. Nimefungua visima hesabu siijui. Nimerusha jua chini mara nyingi nikitafuta chuma, na maji yale yalikuwa pale kila mara. Kanisani walikuwa wanaimba kwa Kidinka wimbo nisioujua, nami nikajikuta naamini, kama kule Webuye na mkate wangu, kwamba ni usiku huu huu na ni hapa karibu.

Kazi haikuwa imeisha, msidhani. Nilihitaji chuma cha kuingia kwenye mdomo wa paipu na kikishaingia kisitoke. Nikamchorea Nyandeng kwa kidole mchangani: mkuki wenye masikio mawili, yanajikunja yakiingia, yanafunguka yakivutwa. Akatazama, akaenda kanisani mbio, akarudi na mtu aliyevaa suti ya kahawia na tai. Ni Byamungu, Mkongo, fundi wa kuchomelea, na ndiye aliyekuwa anaongoza kwaya ya pili.

"Papa, hii njo kitu kidogo," alisema akiutazama mchoro. "Niko na jenereta kwa nyumba. Leo Noeli, Mungu hawezi tuacha bila mayi."

"Lakini suti yako, ndugu?"

"Suti inafuliwa. Kwa mayi gani?" Akacheka mwenyewe; mayi kwao ni maji.

Alichomelea akiwa amefungwa leso ya Selina shingoni kama mtoto anayelishwa uji. Chuma kilikuwa spring ya gari iliyonyooshwa. Tukakifunga kwenye rodi, tukateremsha rodi moja moja, Neema akiwa na kioo, Yona akisema "kushoto, kushoto, kulia kidogo." Mara ya kwanza tulikosa. Ya pili kikaingia, tukavuta, kikachomoka. Ya tatu nikasikia kwa mkono, si kwa sikio, tik, yale masikio yakafunguka. Nikamwambia kila mtu aache kupumua. Tukavuta.

Ikaja. Wanaume wa kwaya wakaacha ibada wakaja kushika rodi, na mchungaji wao nyuma yao, sijui kuwaita au kusaidia, lakini alishika. Paipu ilipotokeza kichwa nje, Nyandeng mwenyewe ndiye aliyefunga klampu. Akakaza bolti mbili. Akanitazama. Halafu akarudi nyuma hatua moja, akaipiga teke kwa kiatu chake cha sikukuu.

"Haisogei," alisema.

"Ipige tena," nikamwambia, na akaipiga.

Saa nane mpira mpya ulikuwa ndani, paipu zote zimeshuka, mpini umefungwa. Nyandeng akampa Mama Akiru mpini apige kwanza. Kupiga mara tano hakuna kitu, mara kumi kikohozi cha hewa, na mara ya kumi na ngapi sijui, maji. Mimi, mtu mzima, mtumishi wa miaka yote hiyo, nilikuwa nimesimama mbele ya mdomo wa pampu badala ya kuwa kwenye gari, na yakanilowesha hadi kwenye viatu, nikapiga kelele. Si neno. Kelele tu. Nyandeng akapiga vigelegele, wenzake wakaitikia, na mbuzi wakapita katikati ya miguu yetu.

Nilipojaza kitabu cha pampu niliandika: "Paipu ziliangushwa na fundi." Nyandeng hajui kusoma. Akamwita Neema asome kwa sauti. Neema akasoma. Nyandeng akamwomba asome tena, na mara hii akamgeukia yule mtu aliyesema neno kwa Kiturkana, akamtazama mpaka mtu huyo akaanza kucheka na kumpa mkono.

Tulikula pilau pale pale, na nusu yake sikuila mimi, ililiwa na kwaya.

Tuliondoka jua bado liko juu. Baada ya kilomita chache nilihisi kitu kimenitoka kifuani, kama mtu aliyebeba mtungi mbali akautua. Nikakumbuka pia kwamba tangu asubuhi nilikuwa nimemtakia heri ya sikukuu mwenye mbuzi peke yake, na yeye aliikataa. Nikasimamisha gari kando ya barabara.

"Limeharibika?" Selina akauliza.

"Hapana."

Nikashuka, nikazunguka mpaka mlango wake, nikaufungua, nikampa mkono. "Heri ya Krismasi, Mama Neema." Gauni lake lilikuwa na matope yaliyokauka tumboni. Nikamfungulia Yona, nikampa mkono. Nikamfungulia Neema. Alinitazama kwa muda, bila kunipa mkono, kama anayepima kitu.

"Heri ya Krismasi, Neema."

"Sasa inaonekana," alisema, akashuka kwenye gari, akanikumbatia na nguo zangu mbichi.